Gari ya Mfungo Mosi

Mimi ni mtu wa makaratasi ya watu. Sikuiomba kazi hii wala hakuna aliyenipa kwa kauli. Iliniangukia tu, kwa sababu baba yangu alinifundisha kusoma Kiswahili cha hati za Kiarabu juu ya meza ya jikoni hapa Kilburn, wenzangu wakitazama katuni, na kwa sababu mwaka wa pili wa kazi yangu katika ofisi ya miadi ya hospitali nilifanya mtihani wa ukalimani nikafaulu, nikapata muhuri wa mtafsiri. Tangu hapo kila Mzanzibari mwenye bahasha asiyoielewa anaijua nyumba yangu. Barua za uhamiaji, talaka za Wete, vyeti vilivyoliwa na mchwa, khati za mashamba ambayo mwenyewe hatoyaona tena. Wanakuja Jumamosi, wanakaa juu ya kochi langu, wanasema, "Hii haikuchukui dakika mbili, Ghalia." Nina miaka hamsini na sita. Dakika mbili mbili hizo zimenimaliza.

Mzee Abdulwakil alikuja mwezi wa Februari, siku ya mvua, na karatasi moja ndani ya mfuko wa plastiki uliokuwa ndani ya mfuko mwingine wa plastiki. Namwita ami ingawa hatuna damu. Yeye na marehemu baba walitoka Unguja pamoja, wakalala chumba kimoja miaka minne, na baba alipofariki ni yeye aliyeshuka kaburini kumpokea. Maisha yake yote ya kazi alikuwa fundi pale Heathrow, akitengeneza matrekta yanayovuta mizigo ya abiria, mpaka wakamstaafisha. Sasa ana miaka themanini na moja na moyo mbovu, na anakaa Hayes, fleti ya chini, mahali ambapo ndege zinapita juu ya paa karibu uzihesabu misumari.

Lakini fleti ni pa kulala tu. Mwenyewe utampata nyuma, kwenye safu ya magereji ya kukodi, ndani ya gereji namba sita, na gari yake.

Gari hiyo ni Tilford. Historia ya Tilford nimesikilizishwa kuliko historia ya ukoo wangu mwenyewe, kwa hiyo naweza kuisema hata nikiwa nimelala. Walikuwa watu wawili wa Coventry, mtu na shemeji yake, wakitengeneza vyerehani. Biashara ya vyerehani ikalala, wakageukia baiskeli, zile za zamani zenye gurudumu kubwa mbele na dogo nyuma, ambazo mtu akianguka huanguka kama nazi. Baadaye wakatoa baiskeli za magurudumu sawa, na hizo ndizo zilizowatajirisha. Zilifika hata kwetu. Ami anasema babu yake alimjua tarishi mmoja wa Malindi aliyekuwa na Tilford, na mvua ikinyesha tarishi huyo aliifunika baiskeli gunia na mwenyewe akarowa. Ikafuata pikipiki, ambayo haikuwa chochote ila baiskeli yao ile ile iliyofungwa injini ya Kifaransa tumboni. Halafu, mwaka 1903, gari: silinda moja, viti viwili, bila mlango wala paa. Vita vya kwanza wakageuzwa watengeneza makombora. Vita vilipokwisha walirudi kwenye magari yao mazuri ya kuundwa kwa mikono, kumbe dunia ishataka magari ya rahisi ya kutoka kama mikate. Wakajikokota mpaka 1931, wakafunga milango. Vitabu vya kiwanda, vyenye namba ya kila gari na siku iliyotoka, viliungua Coventry ilipopigwa mabomu mwaka 1940. Vitabu hivyo visingeungua, mimi nisingeingia katika habari hii.

Babu yake Ami Abdulwakil alikuwa karani wa forodha Unguja. Alinunua Tilford kwa mfanyabiashara mmoja wa Kihindi, akawa anapita nayo Mnazi Mmoja Ijumaa baada ya sala, watoto wakiikimbilia. Ilipoharibika hapakuwa na wa kuitengeneza, ikatupwa kwenye banda la shamba. Mapinduzi yalipokuja nyumba zilichukuliwa na shamba likachukuliwa, lakini lile rundo la chuma hakuna aliyelitamani. Mwaka 1998 Ami alikwenda kutazama, akalikuta ndilo tundu la kuku. Akawabembeleza wenyewe, akalitoa vipande vipande, akalitia ndani ya kontena pamoja na magunia ya mbata, likaja Hayes. Miaka ishirini na saba ameitengeneza gari ile. Kitu asichokipata alikifua mwenyewe.

Alitaka nini? Alitaka jambo moja. Kila mwaka, Jumapili ya kwanza ya Novemba, magari yaliyotengenezwa kabla ya mwaka 1905 hutoka Hyde Park jua likichomoza na kwenda mpaka Brighton, baharini. Si mashindano, kufika ndiyo kushinda. Ami Abdulwakil alikuwa akienda kuyatazama tangu hajapata hata kitambulisho cha nchi hii. Alitaka mara moja tu aende nayo, si ayatazame. Na daktari wa moyo alikuwa ameshamwambia kwamba mwaka ujao hatomwekea sahihi ya kuendesha kitu chochote, hata mkokoteni wa sokoni. Kwa hiyo ni mwaka huu au basi.

Klabu ya wenye magari hayo inataka ushahidi. Namba ya chasisi, 412, haikusaidia, kwa kuwa Tilford walitengeneza gari ile ile bila kubadili kitu mwaka 1904 wote na 1905 wote, na vitabu ndiyo hivyo tena. Kilichobaki kilikuwa karatasi ile ndani ya mifuko miwili: khati ya kununulia gari, imeandikwa Unguja kwa Kiswahili cha hati za Kiarabu. Klabu ilitaka itafsiriwe na mtu mwenye muhuri ambaye si jamaa yake.

"Haikuchukui dakika mbili," alisema Ami.

Niliifanya Jumapili alasiri, baada ya wiki ambayo watu wawili ofisini walikuwa wagonjwa na simu zao zote zilikuja kwangu. Khati ilikuwa nzuri, mwandiko wa mtu aliyejiheshimu. Ilisema kwamba fulani amemuuzia fulani gari ya moto ya Kiingereza, nzima, iliyoshuka melini mwezi huu huu, na chini ikaandikwa: *tarehe tatu mfungo mosi, sanati 1323*. Nikafungua kompyuta, moja ya zile tovuti za kugeuza tarehe za Kiislamu kuwa za kizungu. Mosi ni moja. Nikaweka siku ya tatu, mwezi wa kwanza, mwaka 1323. Ikaniletea tarehe 10 Machi 1905. Nikaandika, nikapiga muhuri, nikaenda kukunja nguo.

Nilimpelekea nakala Hayes mwenyewe. Aliisoma akiwa amesimama, akaikunja, akaikunjua tena.

"Umehakikisha, mwanangu?" aliniuliza.

Nilikuwa nimebadilisha treni mara mbili kumfikia. "Ami, kama huniamini, tafuta mwengine."

"Nakuamini," alisema. "Allah akuzidishie."

Mwezi wa Mei klabu ikakubali. Bibi mmoja anayeitwa Valeria, ndiye mkubwa wa kamati yao ya tarehe, alinipigia simu kuthibitisha muhuri wangu. Ana sauti ya upole ya mtu asiye na haraka. Alinieleza kwa furaha jinsi walivyohesabu: gari iliyoshuka Unguja mwanzoni mwa Machi 1905 ilikuwa baharini mwezi mzima na zaidi, na kabla ya hapo ilikaa bandarini ikingoja meli, kwa hiyo ilitoka kiwandani kabla ya mwaka 1904 kwisha. "Bila karatasi yako tusingeweza," aliniambia. Nilifurahi, siwezi kukataa. Ni mara ngapi karatasi yangu imemfanya mtu afurahi? Nyingi ninazozitafsiri ni za kumwambia mtu hapana.

Ami alipewa namba 318. Habari ikaenea kama ilivyo kawaida yetu, hata kabla mwenyewe hajamaliza kuisema. Mkahawa mmoja wa Edgware Road ukabandika picha ya gari karibu na mashine ya juisi. Watu wa Milton Keynes wakapanga kuja kwa basi. Msikitini aliombewa dua ya safari kama mtu aendaye Hija. Mzee wa watu hakusema mengi. Nilidhani ni woga wa barabara.

Ilikuwa Oktoba, Alhamisi, nipo ndani ya basi narudi kazini, shangazi Mwanamwema aliponipigia kutoka Unguja. Anapenda kupiga simu nikiwa basini kwa sababu anajua siwezi kukimbia.

"Arusi ya mjukuu wangu Afnan tushaiwekea siku," alisema. "Mfungo tisa, tarehe kumi, inshallah. Kata tiketi mapema, usije ukanambia ndege zimejaa."

"Mfungo tisa ndo lini, shangazi? Nambie kwa mwezi wa kizungu."

"Disemba. Mwanzo mwanzo."

"Mwezi wa tisa wa Kiislamu si Ramadhani?"

Alicheka mpaka nikasikia bangili zake. "Ramadhani, ukafanye arusi watu wamefunga? Wewe mtoto umekaa Ulaya sana. Mifungo inahesabiwa tokea Idd. Mfungo mosi ndo mwezi wa Idd yenyewe, halafu mfungo pili, mfungo tatu ndo watu wako Makka, mpaka mfungo tisa, halafu Rajabu, Shaabani, Ramadhani. Maulidi si mfungo sita? Baba yako hakukusomesha?"

Alinisomesha. Hiyo ndiyo iliyoniuma. Maulidi ya mfungo sita nimeyasikia tangu nikiwa tumboni, lakini niliyasikia kama mtu anavyosikia jina la mtaa, bila kujiuliza kwa nini unaitwa hivyo. Mtu wa nyumbani asingekosea, na Mzungu asingegusa karatasi ile bila kumuuliza mtu wa nyumbani. Kosa lile lilimtaka mtu kama mimi, anayejua nusu na kujiamini yote.

Nilishuka kituo kisicho changu na kukaa kwenye benchi ya kituo. Niliifungua ile tovuti kwenye simu. Siku ya tatu, mwezi wa Shawwal, ule wa Idd, mwaka 1323. Ikaja tarehe 1 Disemba 1905. Nilijaribu tena, kana kwamba mara ya pili ingenihurumia. Ningeweza kutoa mwezi mmoja kwenye hesabu, siku mbili kwa ajili ya mwandamo, lakini si mwaka mzima. Na khati yenyewe inasema gari ilishuka melini mwezi huo huo, hata huwezi kudai ilikaa godauni. Gari ya Ami ilitengenezwa 1905, katikati au mwishoni. Ilichelewa, na muhuri wangu ulikuwa unasema uongo.

Zilikuwa zimebaki siku kumi.

Jumamosi nilikwenda Hayes. Njia nzima nilikuwa najipanga namna ya kumwambia mzee mwenye moyo mbovu kwamba nimemwua. Nilimkuta gerejini amekaa juu ya kiti kidogo cha plastiki, akiisugua taa ya mbele kwa kitambaa. Gari ilikuwa imesimama nyuma yake, ya kijani, ndogo, nadhifu mno. Magurudumu yake ni ya baiskeli kabisa, wala hayajifichi.

"Ami, nimekosea," nikasema.

"Kaa kwanza."

Sikukaa. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama mlangoni, shangazi, arusi, mfungo tisa, Disemba. Alikuwa anasugua tu. Nilipomaliza aliigeuza taa upande wa pili akaanza kuusugua na huo. Hapo ndipo nilipoelewa.

"Ulijua," nikamwambia.

"N'lijua siku ile ile uliyoniletea. Mimi n'mezaliwa Vuga, mwanangu. Mfungo mosi n'liijua kabla sijajua kufunga kifungo cha shati."

"Na ukaninyamazia? Miezi minane?"

"N'likuuliza umehakikisha. Ukanambia n'tafute mwengine."

"Hilo si swali, ami. Hilo ni mtego. Jina langu liko pale. Muhuri wangu uko pale. Kesho mtu mwengine akiisoma ile khati mimi ndo mwongo, si wewe. N'takula nini mimi wakininyang'anya muhuri, na watu watanletea karatasi zao kwa uso gani?"

"Hakuna wa kuisoma. Nani kabaki London anayesoma vile, ila mimi na wewe?"

Hilo lilikuwa kweli. Aliiweka taa chini, juu ya gazeti, polepole.

"Siku yangu ya kuzaliwa ni lini?" akaniuliza.

"Tarehe mosi Januari."

"Hiyo ni yao. Na ya baba yako?"

"Tarehe mosi Januari."

"Na Jaffar wa Kilburn, na mkewe, na yule kaka wa mkewe aliyekufa Leicester. Sote tarehe mosi Januari, kama tumetoka tumbo moja. Afisa wa uhamiaji alikuwa kachoka, na sisi hatukuwa na vyeti, akaandika anachokitaka akapiga muhuri. Miaka hamsini na nne nimeishi na uongo wake, kwenye paspoti, kwenye hospitali, kila mwaka wananiletea kadi ya pongezi siku isiyokuwa yangu. Yule hakuna aliyemuuliza kama kahakikisha. Sasa karatasi moja, Ghalia, moja katika zote, imekosea kwa upande wangu. N'taka siku moja tu. Asubuhi mpaka alasiri. Halafu waandike watakavyo."

Ndege ikapita juu, tukaingoja ipite, kama wanavyofanya watu wa Hayes, mdomo wazi neno likiwa kwenye ulimi. Nilimwonea huruma mpaka nikamchukia. Nilimchukia kwa kuwa mzee, kwa kuwa na haki, kwa kunifanya mimi niwe ndiye mlango wa mwisho. Na zaidi ya yote nilikuwa nimechoka. Miaka thelathini nimetafsiri ukweli neno kwa neno, na sijauona ukweli huo ukimfaa mtu kitu.

"Sitosema," nikamwambia. "Karatasi ishatoka, mimi siigusi. Nenda Brighton."

Nilitazamia atafurahi. Alinitazama kwa muda mrefu, na macho yake yalikuwa na kitu ambacho sikukielewa.

"Utaweza?" akauliza.

"N'mechoka, ami. Naweza."

Alinyanyuka, akaichukua hendeli ya kuwashia, akaitia mahali pake mbele ya gari. Nikamwambia aache, moyo wake, akaniambia moyo wake na injini ile wanajuana. Alizungusha mara moja, mara mbili. Mara ya tatu gari ikakohoa, ikatingishika yote, ikashika. Ilikuwa inapiga pigo moja moja, na katikati ya pigo na pigo unaweza kusema neno zima. Alisimama kando yake mkono juu ya bodi. Kisha akaizima, akanitengenezea chai ya maziwa, na tukazungumza habari za arusi ya Afnan.

Wiki iliyofuata nilikwenda kazini na kurudi. Nilimpa mtu miadi ya macho badala ya masikio. Simu ilipolia nyumbani niliogopa ni Valeria, na siku ambazo haikulia niliogopa zaidi, maana kimya kilikuwa kazi yangu sasa. Nilikuwa najisemea ni tarehe tu, ni gari tu, hakuna aliyeumia. Najua sana maneno hayo. Ndiyo ambayo watu huyasema juu ya kochi langu wanaponiomba nipunguze mwaka mmoja kwenye umri wa mtoto au niondoe jina la mke wa kwanza, na mimi huwarudishia bahasha yao na kuwafungulia mlango. Nimeshawafukuza watu wazima. Nilikuwa nikijivuna kwa hilo, na sikuwa na kitu kingine cha kujivunia.

Jumapili nilifika Hyde Park saa kumi na mbili na nusu asubuhi, bado giza giza, baridi ya kuuma meno. Magari yalikuwa yamejipanga mamia, yanatetema, moshi wa mafuta umetanda juu ya majani, madereva wamevaa makoti ya manyoya na miwani kama marubani wa zamani. Watu wetu wa Milton Keynes niliwatafuta sikuwaona. Nilipita kwenye foleni nikisoma namba. 315. 316. 317. Halafu 319.

Nilirudi nyuma nikasoma upya. Nikampigia simu, haikupokewa. Kitu cha kwanza kilichonijia ni kwamba amekufa, na cha pili, Mungu anisamehe, ni kwamba basi mambo yamekwisha.

Nilimwona jua lilipokuwa linatoka. Alikuwa nyuma ya kizuizi cha chuma, mahali pa watazamaji, amevaa koti lake la Heathrow juu ya kanzu na kofia ya sufu juu ya kofia ya kiua. Alikuwa ameshika chupa ya chai. Alinionyesha nafasi kando yake kama mtu aliyekuwekea kiti.

"Gari iko wapi?" nikauliza.

"Gerejini."

"Imeharibika?"

"Nzima kama saa." Alinimiminia chai kwenye kifuniko. "N'mempigia yule bibi Jumatatu. N'kamwambia tarehe ni ya Disemba, si ya Machi. N'kamwambia mtafsiri alikosea na mimi n'lijua n'kanyamaza, kwa hiyo jina lake lisiguswe, la kufutwa ni langu. Wale wa Milton Keynes n'mewambia moyo umenizuia. Hilo si uongo sana."

"Yeye alisemaje?"

"Alisikitika. Mtu mwema. Kanambia gari imechelewa miezi kumi tu." Akatikisa kichwa. "Miezi kumi. Na mimi n'meitengeneza miaka ishirini na saba."

Bendera ilishushwa, na magari ya kwanza yakaanza kutoka, yale ya kale kabisa, watu wakipiga makofi. Nilimrudishia kile kifuniko cha chai.

"N'likwambia sitosema, ami. N'likubali mwenyewe."

"Ndo kwa hilo." Hakuwa ananitazama, alikuwa anayatazama magari. "Mpaka siku ile uliyokuja, dhambi ilikuwa yangu peke yangu, na mimi n'shakubaliana nayo. Wewe ulikuwa hujui, umekosea tu, na kukosea hakuandikwi. Ulipojua ukanambia n'mechoka, naweza, tukawa wawili. N'kakutazama n'kaona sura ya baba yako. Mimi n'takutana na yule mtu karibuni. Atanambia, Abdulwakil, mwanangu hali gani? N'mwambie nini? N'mwambie n'lifika Brighton, nimempanda mwanawe mgongoni?"

Nilikuwa nimefarijika mwili mzima, kama mtu aliyevuliwa kiatu kinachobana, na nilikuwa naona aibu ya faraja hiyo, maana iliyolipa faraja yangu ni asubuhi yake. Nililia kidogo. Alinipa kitambaa, kilikuwa kinanuka mafuta ya mashine.

Walipita wengi. Alikuwa anawajua kwa sauti kabla hawajatokea, hili la silinda mbili, hili la mvuke. Halafu ikaja moja ya pigo moja moja, nikaitambua hata mimi. Ilikuwa Tilford ya mwaka 1903, nyekundu, inaendeshwa na bwana mmoja mnene mwenye sharubu na mkewe kando. Ilikuwa inapiga, inaruka pigo, inapiga tena. Ami Abdulwakil aliinamisha kichwa kuisikiliza mpaka ikapinda kona.

"Anainywesha petroli nyingi," alisema. "Plagi ishaziba. Ile milima ya mbele itamshinda, hafiki yule."

"Wewe ungefika," nikamwambia.

"Mimi?" Alifikiri, kwa uaminifu, kama fundi aliyeulizwa habari ya kazi yake. "Mimi ningefika. Kiasi cha saa nane, saa nane na nusu. Ningekwenda polepole. Adhuhuri ningesali Crawley, wanasimama pale, msikiti n'shauulizia, uko karibu na njia. Imamu kanambia niipaki mlangoni, atawatoa watoto wa madrasa waje waitazame."

Aliifunga chupa ya chai. Magari yalikuwa bado yanapita.

"N'mesahau kumpigia imamu," akasema. "Watakuwa wanangoja."